KIJANA, UNASHINDANA NA NANI?

Rafiki yangu uliyepokea karatasi hii, usiitupe. Simama kidogo usome.

Umewahi kupanda daladala likiwa linakimbizana na lingine? Konda anapiga bodi, vijana nyuma wanashangilia, "Mpite huyo! Mpite!" Na wewe umo humo ndani. Roho yako iko mikononi mwa mtu ambaye anamtazama mwenzake, barabara haitazami.

Sasa sikia habari ya Uingereza, mwaka 1895. Kulikuwa na njia mbili za reli kutoka London mpaka Aberdeen, kule Scotland. Moja ilipita upande wa mashariki, moja upande wa magharibi. Treni zote mbili zilitoka saa 2 usiku, kila moja stesheni yake. Na huko mbele, karibu kilomita 60 kabla ya Aberdeen, mahali paitwapo Kinnaber, njia zilikutana zikawa moja. Aliyefika Kinnaber kwanza ndiye aliyepita, mwenzake akangoja nyuma yake. Basi ikawa vita! Madereva wa mashariki wanasema sisi ndio tunaojua kazi, wa magharibi wanasema mtatuona. Watia makaa wanatupa makaa motoni jasho likiwatiririka.

Usiku wa tarehe 21 Agosti watu wa mashariki walifika kwa saa 8 na dakika 40. Kesho yake wa magharibi wakafunga mabehewa matatu tu ili treni iwe nyepesi, wakafika kwa saa 8 na dakika 32. Ni mwendo wa karibu kilomita 870 huo, na kwa mvuke! Kipande cha Crewe mpaka Carlisle, kilomita 227, kichwa kiitwacho Hardwicke kilikimaliza kwa dakika 126. Mimi siwadharau. Walikuwa mafundi kwelikweli.

Lakini jiulize, waliingia Aberdeen saa ngapi? Saa 10 na nusu alfajiri. Abiria gani alitaka kushushwa saa hizo?

Mwaka uliofuata, usiku wa tarehe 13 Julai 1896, treni ya njia ile ile ya magharibi ilifika Preston ikiwa na vichwa viwili, madereva wawili. Ratiba ilisema wapite bila kusimama. Mbele ya stesheni palikuwa na kona kali, amri ilikuwa kilomita 16 kwa saa. Wao walikuwa kwenye 65 au zaidi. Reli ikapinda, treni haikupinda. Ikaenda moja kwa moja nje ya njia. Abiria mmoja akafa.

Na hawa hawakuwa walevi, wala si wageni wa kazi. Ila hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuendesha treni iliyopangwa kupita Preston bila kusimama. Waliijua mashine, kona ile kwa mwendo ule hawakuijua.

Baada ya hapo watu wakaogopa, mwendo ukapunguzwa, makampuni yakapatana yasishindane tena.

Wewe je? Nakuona unakimbia. Rafiki yako amepata simu mpya, nawe unatafuta kwa njia yoyote. Mwenzako ana wasichana wawili, wewe unataka watatu. Wanakushangilia mtaani, "Wewe ndiye!" Hakuna hata mmoja wao anayeijua kona iliyo mbele yako. Nimezika vijana, ndugu yangu. Wale waliokuwa wakishangilia walisimama mbali kaburini, wakatangulia kuondoka.

Yuko Mmoja anayeijua njia yote, maana alikwisha kupita mpaka kaburini akatoka ng'ambo. Hakuhitaji kumshinda mtu.

Leo usiku, kabla hujalala, zima redio. Mwambie hivi kwa maneno yako mwenyewe: Bwana Yesu, nimechoka kukimbizana, mwendo huu siuwezi, shika wewe. Halafu kesho jioni njoo uwanjani. Njoo hata kama una kandambili. Mimi nitakuwa pale karibu na jukwaa, niulize lolote.