Nimelipa Nauli Nije Kupewa Maneno?

Huku Nyeri, mtu akishikwa na mgongo ghafla huwa anajua anachotaka hospitalini: picha na sindano. Ametoka Othaya au Mukurweini na matatu, amekaa foleni asubuhi nzima, halafu anaambiwa hakuna haja ya picha, arudi nyumbani na aendelee kutembea. Anatoka akinung'unika: "Yaani nimelipa nauli nije kupewa maneno?"

Usimcheke. Swali lake ni zito. Mtu anapotaka kitu ambacho hakitamsaidia, tunamheshimu kwa kumpa au kwa kumnyima?

Utafiti unamuunga mkono daktari. Mwaka 1995 nchini Ufini, wafanyakazi 186 wa jiji la Helsinki walioumwa mgongo ghafla waligawanywa katika makundi matatu. Wengine waliambiwa walale kitandani siku mbili, wengine wakapewa mazoezi ya mgongo, na wengine waendelee na shughuli zao kadiri maumivu yalivyoruhusu. Hawa wa mwisho ndio waliopona haraka zaidi. Na picha je? Uchambuzi wa mwaka 2015 uliangalia skani za watu wasioumwa mgongo kabisa. Diski zilikuwa zimechakaa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Ni kama mvi tu. Lakini ukimwonyesha mtu mvi hizo akiwa kwenye maumivu, atarudi nyumbani akiamini mgongo wake umeisha. Ataogopa kuinama, atalala, na kulala kutamchelewesha kupona.

Kwa hivyo picha ya kumridhisha mgonjwa si wema. Hata sindano ya kumtuliza roho ni uongo mdogo: inamchukulia kama mtoto, na kumfundisha kwamba bila sindano hakuna kupona.

Lakini daktari naye asijipongeze mapema. Wale wa Helsinki walikuwa waajiriwa wa jiji. Mama anayechuna majani chai analipwa kwa kilo, na shughuli yake ya kawaida ndiyo hiyo ya kuinama na kubeba kikapu. Ukimwambia "endelea na shughuli zako" bila kumuuliza anafanya kazi gani, hujamweleza kitu. Kumweleza ni kumwambia apike, atembee, arudi shambani polepole, ajaze nusu kikapu wiki hii, na kijana wake abebe mzigo hadi kituoni. Ni kumwambia pia kwamba maumivu ya aina hii kwa wengi hupungua sana ndani ya wiki chache, na kwamba kuumwa kidogo akitembea hakumaanishi anajiharibu.

Kisha aambiwe lini arudi mbio: akipata ganzi katikati ya mapaja, akishindwa kukojoa au kuzuia mkojo, miguu ikilegea. Na kama ana homa au anakonda bila sababu, aseme hapo hapo, kwa maana kifua kikuu huweza kuingia hata kwenye uti wa mgongo. Ukimwambia "usijali" bila kumpa ishara hizo, umemwacha gizani.

Maneno ya namna hii yanachukua muda, na foleni ni ndefu, najua. Kuandika "eksirei" kwenye karatasi ni rahisi zaidi. Ndiyo maana naona kumnyima mtu picha bila maelezo ni dharau ile ile ya kumdanganya kwa sindano. Katika yote mawili, mtu mwingine ameamua kwamba yeye hawezi kuelewa mwili wake mwenyewe.

Sisi tulio mjini tumo pia kwenye hadithi hii, maana mara nyingi ni sisi tunaotuma M-Pesa ya picha. Kabla hujatuma, mpigie simu mzazi wako umuulize: daktari alikueleza nini? Akisema "hakuniambia kitu," basi bado hajatibiwa.