Usawa wa Magari na Usawa wa Watu

Aliyepata kusimama Mombo, mahali ambapo njia ya Lushoto huachana na barabara kuu ya Korogwe na Moshi, ameona mtihani wa madereva bila ya kununua tiketi. Njia ile huupanda mlima wa Usambara kwa mapindi, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili, hupita Soni, na kwa mwendo wa kilometa 33 hivi humtoa mtu katika joto la mashamba ya mkonge ikamfikisha kwenye baridi. Motokaa kuukuu yenye dereva mzoefu aghalabu huwasili salama kabla ya motokaa mpya yenye dereva wa pupa. Abiria wakishuka hubishana: sifa ni ya mtu au ya chombo?

Swali hili limewashughulisha na wale waliofanya mbio za magari kuwa mchezo. Safari ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka wa 1953 kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, hapo mwanzo iliyapanga magari katika mafungu kwa kadiri ya bei zake, ili gari la mnyonge lisipimwe kwa gari la tajiri. Katika nchi za Ghuba jawabu lilikuwa kali zaidi. Msimu wa 2009 na 2010 yalianzishwa mashindano ambayo kila mshindani huendesha Porsche 911 ya namna moja, na alama za kila mbio hujumlishwa mpaka mwisho wa msimu. Chombo kimesawazishwa, basi anayeshinda, husemwa, ameshinda kwa mkono wake mwenyewe.

Maneno haya siyakubali yote. Gari moja halifanyi mfuko mmoja. Yuko aliyetiwa katika vigari vya mbio tangu utoto, na yuko aliyeanza ukubwani. Yuko awezaye kukodi uwanja akajizoeza siku nyingi, na mwenzake huuona siku ya shindano. Tena, magari yakisha kuwa sawa, tofauti hizi hazipungui, huzidi nguvu, maana ndizo pekee zilizobaki. Ubaya wake ni kwamba hazionekani, na mshindwa hana hata udhuru wa kusema gari lake lilikuwa dhaifu.

Liko na jambo la pili. Mwaka wa 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant waliishinda Safari kwa Volvo iliyokwisha kutumika. Joginder alikuwa fundi, mtoto wa mwenye gereji. Je, kujua maradhi ya gari lako si sehemu ya ustadi wako? Mwaka wa 1968 magari zaidi ya 90 yaliondoka, yakafika 7 tu, na mbele yao alikuwa Nick Nowicki katika Peugeot. Matope hayakumsawazisha mtu na mwenziwe. Walakini sidhani kama yupo aliyeona mbio zile hazikupima kitu. Zilipima subira, na kuchagua, na kutunza. Mambo ambayo chombo kilichosawazishwa humpunguzia dereva.

Nayasema haya kwa kuwa kazi yangu ni kusahihisha mitihani. Karatasi ya maswali ni moja kwa nchi nzima, nasi tunajivunia umoja huo. Na ni haki tujivunie, kwani bila ya huo upendeleo ungeingia waziwazi. Lakini yupo mtoto aliyesoma kwa koroboi baada ya kuteka maji, na yupo aliyekuwa na mwalimu wa jioni nyumbani. Wote wawili huniletea namba tu. Siwezi kumwongezea wa kwanza alama, maana nitamdhulumu wa pili ambaye hakukosa neno. Ila nikiulizwa, kama niulizwavyo kila mwaka, ni yupi kati yao mwenye akili zaidi, karatasi zile mbili hazinitoshi kujibu, na wanaoniuliza huondoka wamekasirika.