Mtwara, Mji wa Vyakula Vyenye Walinzi

Anayetaka kuujua mji wa Mtwara na apite Rahaleo asubuhi akiwa na njaa. Mji huu wa leo ulipangwa na Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940 uwe bandari ya Mpango wa Karanga, ule mradi mkubwa wa kulima karanga kwa matrekta Nachingwea, Kongwa na Urambo. Kufika mwaka 1951 mradi ulikuwa umeshindwa. Reli iliyojengwa kwa ajili yake nayo ilikufa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na leo limebaki jina tu: kata ya Reli. Lakini watu hawakuondoka. Wamakonde walioteremka kutoka uwandani, Wamakua, Wayao, Wamwera na wenyeji wa Mikindani walikaa, kila kabila na mapishi yake, na mapishi hayo ndiyo yaliyoufanya mji.

Ukivila vyakula vya hapa huku ukiuliza vimetoka wapi, utakuta jambo la kustaajabisha. Karibu kila chakula kinachoutambulisha mji huu, Mwenyezi Mungu amekiwekea mlinzi. Kimoja kimefichwa ardhini, kingine kina sumu, kingine kinaunguza, kingine kiko pangoni chini ya maji. Na kwa kila mlinzi, Yeye huyo huyo amewapa watu maarifa ya kumpita.

Nianze na ming'oko, maana ndiyo inayokulaki barabarani. Akina mama huketi na mabeseni, ming'oko imechemshwa na kupangwa mafungu mafungu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu ming'oko, imeiva sasa hivi."

Ni mizizi mirefu, myembamba, unene wake wa kidole. Unaimenya kwa mkono, ganda linachomoka lenyewe, unanyunyizia chumvi na pilipili. Ndani ni nyeupe, ina utelezi kidogo, na ladha yake iko baina ya muhogo na kiazi kikuu. Mng'oko ni jamaa wa viazi vikuu, ila hauna shamba wala mkulima: huota porini. Wakati wa mvua hutambaa juu ya vichaka, majani yake mabichi kabisa. Kiangazi majani hukauka na kupukutika, na hapo ndipo mizizi inapokuwa imenona. Alama ikipotea juu, chakula kiko tayari chini. Mchimbaji lazima autambue ubua mkavu katikati ya mabua mengine makavu, achimbe taratibu, na aache shina liote tena mvua zikirudi. Katika miaka ya njaa huku kusini, pori hili lisilo na mwenyewe liliwalisha watu ambao ghala zao zilikuwa tupu. Nani aliyelipanda kabla yao?

Mchana ni zamu ya ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi. Hapa mlinzi ni mkali zaidi. Muhogo, hasa ule mchungu, umebeba kemikali inayoweza kutoa sianidi, na jani lake vilevile. Ajabu ni jinsi sumu hiyo ilivyohifadhiwa. Ndani ya jani, kemikali hiyo iko chumba kimoja na kimeng'enya cha kuivunja kiko chumba kingine, na ukuta mwembamba umevitenga. Mnyama akitafuna, ukuta hubomoka, viwili hivyo hukutana, sumu ikatoka. Sasa mtazame mama anayetwanga kisamvu. Kila pigo la mchi linabomoa kuta hizo kwa maelfu. Sumu inatoka pale pale kinuni, na ikifika jikoni moto unaipeperusha mpaka iishe. Bibi zetu hawakuwa na maabara, lakini walijua kwamba kisamvu hakipikwi bila kutwangwa sawasawa, na kwamba muhogo mchungu unataka siku za kuloweka na kuanika.

Maarifa hayo si ya mchezo. Mwaka 1981, ng'ambo ya Mto Ruvuma katika jimbo la Nampula, Msumbiji, ukame uliwalazimisha watu kula muhogo mchungu kabla haujatayarishwa vya kutosha, na zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto, wakapooza miguu kwa ugonjwa unaoitwa konzo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 konzo ikaonekana pia katika mkoa wa Mtwara. Tiba ya kupooza kule haikupatikana, ila kinga ilipatikana, na ni rahisi mno: Howard Bradbury, mwanasayansi wa Australia, alionyesha kwamba unga wa muhogo ukilowanishwa kwa maji, ukatandazwa tabaka jembamba kivulini kwa saa 5, au juani kwa saa 2, sehemu kubwa ya sumu huruka hewani. Maji na hewa basi, vitu ambavyo Muumba hakumnyima hata maskini.

Tuje kwenye korosho, ambayo bila hiyo hakuna Mtwara. Mti wenyewe ni mgeni. Asili yake ni kaskazini-mashariki mwa Brazil, na Wareno ndio walioueneza karne ya 16. Kule Pirangi, karibu na Natal, upo mkorosho mmoja ambao matawi yake huinama, hugusa ardhi, hutia mizizi na kuendelea mbele, hata mti huo mmoja umefunika zaidi ya mita za mraba 8,000. Huku kwetu ulikuta mchanga ambao mazao mengine yanaukataa, ukaupenda.

Tazama unavyozaa. Kwanza hutokea korosho, ikakua mpaka ukubwa wake wote. Ikishafika, kikonyo kinachoishika ndipo huanza kuvimba, kikawa chekundu au cha manjano, kikajaa maji matamu: hilo ndilo bibo. Kwa miti mingi tunda hutangulia na mbegu ikajificha tumboni mwake. Mkorosho umeiweka mbegu nje, peupe, inaning'inia mbele ya kila mdomo. Inathubutuje? Kwa sababu kati ya magamba yake mawili pamejaa mafuta meusi yanayobabua ngozi. Popo hubeba bibo, hula utamu wake, na korosho huiangusha nzima mbali na mti mama. Amelipwa ujira, na mzigo umefika salama. Subhanallah.

Kubangua kienyeji ni kazi ya kutazamwa kwa karibu. Korosho zinamwagwa juu ya bati lililo motoni. Mara mafuta yanaanza kutoka, yanashika moto, moshi mweusi unapanda na kuwasha macho. Mama anakoroga kwa mti mrefu akijikinga uso, na wakati ule ule ambao mgeni angedhani zimeungua zote, anapindua bati na kuzimwaga mchangani. Mchanga unanywa mafuta yaliyosalia. Anajipaka majivu viganjani, anaiweka korosho moja juu ya jiwe na kuigonga mara moja ubavuni. Akizidisha nguvu, imevunjika na bei imeshuka. Inatoka nzima, nyeupe, imejikunja. Na yale mafuta makali, viwandani hutumika kutengenezea breki za magari.

Zao hili liliwahi kukaribia kufa. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000. Kufika 1986/87 zilibaki kama tani 16,500. Wakulima walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, mbali na mikorosho yao, na ukungu uitwao ubwiriunga ukawa unaua maua. Watafiti wa kituo cha utafiti cha Naliendele, hapa hapa Mtwara, walishughulika na ugonjwa huo, wakulima wakajifunza kupuliza salfa, na msimu wa 2017/18 mavuno ya nchi yalipita tani laki 3. Kinachoniuma ni mabibo. Bibo lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa, lakini halistahimili hata siku mbili, na mengi huozea chini ya miti huku watoto wa mji ule ule wakinunuliwa juisi za chupa.

Jioni bahari nayo hutoa chake. Pweza hukaa mapangoni kwenye miamba, na miamba hiyo hufunuka vizuri wakati wa bamvua tu, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu. Wanawake wa Msimbati na Msangamkuu huujua mwezi kwa sababu ndio ratiba ya kazi yao. Supu unayoinywa kwenye kibakuli imetoka kwa kiumbe mwenye mioyo 3 na damu ya buluu, kwa kuwa damu yake hubeba hewa kwa shaba, si kwa chuma kama yetu. Pweza jike hutaga mayai pangoni, huyalinda na kuyapitishia maji safi bila kula kitu, mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Kwa hiyo anayemchokoa mama juu ya mayai amechukua kizazi kizima, na anayelipua miamba kwa baruti amebomoa na nyumba. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000 ili kulinda viumbe wa bahari na makazi yao, na kila mwenye kupenda supu ya pweza ana haki ya kudai ilindwe kweli.

Mgeni apange safari yake kwa misimu. Ming'oko aitafute kiangazi, maua ya mkorosho ayanuse kuanzia Juni, mabibo na korosho mpya aje Oktoba hadi Desemba. Pweza aulizie bamvua ni lini. Kisamvu kipo mwaka mzima, ila afike Rahaleo kabla ya saa 8 mchana, maana huisha.