Mlango wa Nyumba yenye Moto: Faraja na Ukweli katika Vitabu vya Vijana vya Majira ya Baridi

Utangulizi

Katika nchi ambazo majira ya baridi huja na theluji na usiku mrefu, kumekuwako kwa zaidi ya karne moja na nusu aina ya vitabu vya vijana ambavyo husomwa hasa katika miezi hiyo. Mandhari yake hujirudia. Nje kuna dhoruba, ndani kuna moto. Familia imekusanyika, chakula ni haba lakini kinagawika, na mmoja wao anasoma au anaimba. Msomaji naye, akiwa amejifunika blanketi, hujiona yumo katika duara hilo. Vitabu hivi hupendwa mno na wasomaji wake, lakini mara nyingi wahakiki huvitazama kwa jicho la shaka. Shaka hiyo si ngeni katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, ambamo mjadala kuhusu fasihi pendwa na fasihi dhati umejengwa mara nyingi juu ya dhana kwamba kinachoburudisha hakikosi kupumbaza.

Makala hii inakusudia kulichunguza suala hilo kwa upande wake wa kimaadili. Je, kitabu kinachompa kijana faraja kinamdanganya? Na ikiwa kuna faraja ya kweli na faraja ya uongo, mhakiki atazitenganisha kwa kigezo gani? Kazi zitakazorejelewa ni tatu: Little Women ya Louisa May Alcott, iliyotoka kwa sehemu mbili mwaka 1868 na 1869; The Long Winter ya Laura Ingalls Wilder (1940); na Trollvinter ya Tove Jansson (1957), ambayo tafsiri yake ya Kiingereza inaitwa Moominland Midwinter. Hoja inayotetewa ni kwamba kosa la kitabu cha faraja, pale lilipo, haliko kwenye moto bali liko mlangoni. Faraja huwa ya kweli kadiri kitabu kinavyokubali kuonyesha moto huo umegharimu nini, na nani ameachwa nje.

Shutuma dhidi ya faraja

Shutuma dhidi ya faraja ina umri mkubwa. Katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, Plato aliwalaumu washairi kwa kuzilisha hisia ambazo akili ilipaswa kuzitawala. Ikihamishiwa kwenye vitabu vya vijana, shutuma hiyo husema kwamba kijana anayezoea joto la kurasani hujifunza kuridhika. Akisha kuota moto, hana haja ya kuuliza kuni zimetoka wapi. Wahenga walikwisha kusema kwamba aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Basi kitabu kinachomshibisha msomaji kila ukurasa kitamfunza vipi kumjua huyo mwenye njaa?

Hans Christian Andersen aliliona jambo hili kutoka upande wa nje. Katika hadithi yake ya mwaka 1845 kuhusu binti muuza viberiti, msomaji hawekwi karibu na moto. Anawekwa barabarani, usiku wa kuamkia mwaka mpya, pamoja na mtoto peku ambaye anawasha njiti moja baada ya nyingine na kuona katika mwanga wake jiko, bata wa karamu, mti wa Krismasi na bibi yake aliyefariki. Asubuhi anakutwa amekufa. Watu waliokuwa wamelala nyuma ya madirisha yenye mwanga hawakuwa waovu. Walikuwa ndani tu. Hadithi hiyo ni fupi, lakini inakifanya kila kitabu cha faraja kilichoifuata kiwe na swali la kujibu.

Jibu linalojulikana zaidi ni la J. R. R. Tolkien. Katika mhadhara wake kuhusu hadithi za ajabu, alioutoa mwaka 1939 na kuchapishwa mwaka 1947, alieleza kwamba watu huchanganya kutoroka kwa mfungwa na kukimbia kwa askari anayeasi jeshi. Mfungwa anayetamani kwenda nyumbani hana hatia. Utetezi huu una uzito, hasa kwa kijana mgonjwa, mpweke au aliyefiwa, ambaye hana wajibu wa kukumbushwa dhiki yake katika kila kitabu anachokishika. Hata hivyo, hautoshi. Unahalalisha kutoroka kwa mfungwa mmoja, lakini haugusi hali ya wafungwa wenzake waliobaki. Kwa hiyo, hapana budi kuzitazama kazi zenyewe.

Moto na gharama yake

Little Women hukumbukwa na wengi kama kitabu cha Krismasi. Kwa hakika kinaanza wakati huo, dada wanne wakiwa wameuzunguka moto huku baba yao akiwa mbali katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Kinachosahaulika ni kwamba mlo wa kwanza wa sikukuu katika kitabu hiki hauliwi na familia hiyo. Mama anaomba kifungua kinywa hicho kipelekwe kwa akina Hummel, familia ya wahamiaji wa Kijerumani yenye mtoto mchanga na isiyo na kuni, na wasichana wanakibeba wenyewe.

Msomaji mwepesi ataliona tukio hilo kama somo la kawaida la ukarimu, lakini Alcott halifungi hapo. Baadaye ni Beth, dada mpole kuliko wote, anayeendelea kuwatembelea akina Hummel wakati wenziwe wana visingizio. Huko mtoto mchanga anafia mikononi mwake kwa homa nyekundu, naye anaambukizwa. Anapona, lakini nguvu hazimrudii, na katika sehemu ya pili anafariki. Hivyo mlango uliofunguliwa asubuhi ya Krismasi ndio huohuo ulioingiza kifo. Mwandishi hakuwa akibuni juu ya jambo asilolijua. Mdogo wake Elizabeth aliugua homa hiyo mwaka 1856 na kufariki mwaka 1858, na Alcott mwenyewe aliugua homa ya matumbo alipokuwa muuguzi wa majeruhi wa vita huko Washington.

Hapa ndipo ukweli wa faraja ya Alcott ulipo. Hamwahidi kijana kwamba wema hulipwa kwa afya. Anamwonyesha familia iliyotoa joto lake, ikapata hasara isiyofidika, na bado haikujuta kutoa. Moto wa kitabu hiki unapasha kwa sababu bei yake imetajwa.

Mgeni na mpaka wa ukarimu

Jansson, mwandishi wa Kifini aliyeandika kwa Kiswidi, anaanza kwa kuiondoa familia. Moomintroll, aliyezoea kulala majira yote ya baridi pamoja na jamaa zake, anazinduka peke yake na kushindwa kumwamsha mama. Nyumba ipo, moto unaweza kuwashwa, lakini duara la wapendwa limelala. Anayemfundisha kuishi na baridi, Too-Ticky, hamwondolei upweke huo. Anamwonyesha tu kwamba baridi ina viumbe wake na haki yake.

Kisha wageni wanafika, wamechoka na wana njaa, kwa kuwa wamesikia kwamba bondeni kuna chakula. Moomintroll anafungua ghala la mama na kuwapa jamu mpaka inakwisha. Mama anapoamka hamkaripii. Methali ya Kiswahili, mgeni njoo mwenyeji apone, inaueleza mwenendo huu kuliko nadharia nyingi: mwenyeji mpweke ndiye anayetibiwa na ujio wa wageni.

Lakini Jansson hairuhusu methali hiyo ipite bila kujaribiwa. Katika tukio la moto mkubwa wa kusherehekea kurudi kwa jua, anatokea kiumbe ambaye katika tafsiri ya Kiingereza anaitwa Groke. Huyu ni baridi tupu. Anaufuata moto kwa sababu anauhitaji kuliko wote, anaukalia, nao unazimika. Hakuja kuharibu, ila uhitaji wake ni mkubwa kuliko moto uliopo. Swali linaloachwa hapo ni zito: ni upi wajibu wa wenye moto kwa yule ambaye kumkaribisha ni kuuzima? Kitabu hakijibu, wala hakimgeuzi Groke kuwa adui. Kinambakiza msomaji na huzuni juu ya kiumbe asiyeweza kupashwa joto, na kwa kufanya hivyo kinakiri kwamba kuna waliobaki nje ambao hadithi yenyewe haina uwezo wa kuwaingiza.

Mlango uliofungwa

The Long Winter ndiyo kesi ngumu zaidi. Riwaya hii inasimulia majira ya baridi ya mwaka 1880 hadi 1881 katika mji mdogo wa De Smet, katika eneo la Dakota. Treni zimezuiwa na theluji kwa miezi mingi. Familia ya Ingalls inasokota nyasi kavu ili ziwake kama kuni na kusaga ngano kwa kinu cha kahawa, wakipokezana siku nzima. Mikono ya baba inakakamaa hata hawezi kupiga fidla. Dhiki hii haijarembwa. Isitoshe, riwaya inaliuliza swali la ghala kwa ukali. Almanzo Wilder ameficha mbegu zake za ngano nyuma ya ukuta wa uongo huku majirani wakikaribia kufa njaa, kisha anahatarisha maisha yake pamoja na mwenzake kuitafuta ngano nyingine mbali nje ya mji. Mwenye duka anapotaka kuiuza kwa zaidi ya mara mbili ya bei ya ununuzi, wanamji wanamkabili mpaka anaachana na faida hiyo.

Hata hivyo, kuna milango miwili iliyofungwa. Kumbukumbu za Wilder zilizochapishwa mwaka 2014 kwa jina la Pioneer Girl zinaonyesha kwamba majira hayo familia haikuwa peke yake. Mke na mume, pamoja na mtoto wao mchanga, waliishi nao nyumbani humo. Katika riwaya hawamo. Duara linalomfariji msomaji lilipatikana kwa kuwatoa watu waliokuwa wameketi ndani yake. Mlango wa pili ni wa mzee mwenyeji wa asili wa Marekani anayeingia dukani kuwaonya wazungu juu ya ukali wa majira yanayokuja. Onyo lake ndilo linaloihamishia familia mjini na kuiokoa. Yeye anatoka, na simulizi haimfuati tena, wala haiulizi watu wake wako wapi katika ardhi hiyo. Mwaka 2018 tuzo ya fasihi ya watoto ya Marekani iliyokuwa na jina la Wilder ilibadilishwa jina kwa sababu ya namna vitabu vyake vinavyowasawiri wenyeji hao na watu weusi.

Je, riwaya hii itupwe? Kuitupa ni kumnyang'anya kijana mojawapo ya maelezo ya kweli kabisa kuhusu njaa na mshikamano. Kuisifu bila kikwazo nako ni kuufunga mlango mara ya pili. Ikumbukwe kwamba riwaya yenyewe inatoa kipimo cha kuihukumu, maana mwandishi aliyeona aibu ya ngano iliyofichwa nyuma ya ukuta amempa msomaji haki ya kuuliza ni nini kingine kilichofichwa.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba faraja si kinyume cha ukweli, na kwamba kuishutumu kwa jumla ni kosa. Alcott anaonyesha bei ya moto, Jansson anaonyesha mpaka wake, na Wilder, katika nguvu zake na katika makosa yake, anaonyesha jinsi duara la wapendwa linavyoweza kuchorwa kwa kumfuta mtu. Wajibu wa mwalimu na mhakiki, basi, hauko katika kumwondolea kijana kitabu kinachompa joto. Uko katika kumzoeza, akisha kupata joto hilo, kuinua macho na kuutazama mlango. Swali hili halihitaji theluji. Linahusu kila kitabu ambamo watu wamekaa pamoja, wameshiba, na nje kuna mtu anayepita.