Msimsingizie Mnyama

Wajukuu zangu, vijana wa Ngara na Biharamulo, kila yanapotokea mauaji ya kutisha watu husema wauaji "wamegeuka wanyama". Wanadai kwamba elimu, dini na sheria ni ngozi ya juu tu, na chini yake kila mtu amefuga mnyama anayengoja siku yake. Sisi wazee tulioishi jirani na mpaka wa Rusumo hatuna haki ya kuwaachia ninyi maneno hayo bila kuyapinga. Yanampa muuaji nafuu asiyostahili.

Wanyama tunawajua. Mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, ambayo tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yako hapa hapa kwetu. Simba hukamata akiwa na njaa, na akishiba hulala. Hajawahi kuitisha mkutano. Haandiki orodha ya majina, wala haweki kizuizi barabarani akadai vitambulisho ili ajue nani apite na nani afe. Hayo yote yalifanyika ng'ambo ya mto wetu, nchini Rwanda, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, na walioyafanya walikuwa watu wenye akili timamu.

Ndege ya Rais Habyarimana wa nchi hiyo, akirejea kutoka Dar es Salaam, ilitunguliwa Kigali usiku wa tarehe 6 Aprili. Hazikupita siku nyingi mto Kagera ukaanza kuleta maiti. Pale Rusumo, chini ya daraja, ambapo maji huporomoka baada ya Ruvubu kuungana na Kagera, miili ilikuwa ikizunguka kwenye povu kabla ya kuendelea na safari. Mingine ilikuwa imefungwa mikono kwa nyuma. Walikuwemo watoto. Mto uliichukua miili hiyo hadi Ziwa Victoria, na wenzetu wa Uganda wakaopoa na kuzika zaidi ya miili 10,000 katika makaburi ya Kasensero, Lambu na Ggolo. Wapo watu wa ziwani waliokataa kabisa kula samaki kwa muda.

Kisha, tarehe 28 na 29 Aprili, watu wapatao 250,000 walivuka daraja lile katika muda wa siku moja hivi. Upande wetu askari waliwaamuru waache silaha, na kando ya barabara likainuka rundo la mapanga. Nawaomba mlitazame rundo lile kwa makini. Yalikuwa mapanga ya kawaida, ya kukatia mikungu ya ndizi na kufyekea shamba, yenye mpini wa mbao uliolainishwa na kiganja cha mwenyewe msimu baada ya msimu. Walioyashika walikuwa wakulima kama sisi, wanaosema lugha ambayo Mhangaza wa hapa Ngara anaielewa bila mkalimani, wanaobatiza watoto wao kwa majina yale yale tunayobatiza sisi.

Wengi waliovuka hawakuua mtu. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu kulaani kabila zima ndiko kulikoanzisha msiba wenyewe. Walikuwa kina mama wenye watoto mgongoni, na wazee wanaokokotwa. Tuliwapa maji na mahali pa kulala, na ndani ya wiki chache kambi ya Benaco, pale Kasulo, ikawa na watu wengi kuliko miji mingi ya Tanzania. Lakini katika Benaco hiyo hiyo alikuwemo pia Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa meya wa Rusumo, kiongozi wa serikali katika eneo linalopakana nasi. Mahakama ya Kimataifa ya Arusha ilithibitisha kwamba katikati ya Aprili aliongoza shambulio dhidi ya watu waliokimbilia parokia ya Nyarubuye, na kwamba alizunguka akitumia kipaza sauti kuwachochea wanaume wawabake wanawake wa Kitutsi. Alikamatwa mkoani Kigoma mwaka 2001. Mwaka 2004 alihukumiwa miaka 30, na rufaa ya mwaka 2006 ikaigeuza adhabu hiyo kuwa kifungo cha maisha.

Sasa niambieni, mnyama yuko wapi hapo? Mimi ninaona ofisi, gari la serikali, mamlaka na kipaza sauti.

Sisemi silika haipo. Ipo, nami nimeiona ndani yangu na ndani ya majirani zangu. Binadamu huogopa, na akiogopa hutafuta kundi. Akiona wengi wanakimbia upande mmoja, miguu yake huanza kabla hajauliza sababu. Ni silika iliyotufaa tulipoishi porini, na hata leo humwokoa mtu nyumba inapowaka moto. Lakini woga haujui wenyewe umchukie nani. Lazima aje mtu aufundishe. Redio ya RTLM ya huko Rwanda ilianza kurusha matangazo Julai 1993, miezi tisa kabla ya mauaji, kwa muziki mzuri na mizaha, huku ikiwazoesha wasikilizaji kuwaita majirani zao mende. Mmoja wa waanzilishi wake, Ferdinand Nahimana, alikuwa mwanahistoria, mhadhiri wa chuo kikuu. Aprili ilipofika, kuua kukaitwa "kazi". Mtu aliondoka nyumbani asubuhi kwenda kazini, akarudi jioni akala.

Ndiyo maana sitawaambia mkasome tu basi mtakuwa salama. Someni, ndiyo, lakini mjue kwamba msomi aliyeamua kuchukia ni hatari kuliko mjinga mwenye hasira, kwa sababu hasira ya mjinga hupoa, na chuki ya msomi huandikwa na kugawiwa.

Wala msijidanganye kwamba hayo ni ya Wanyarwanda. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Katika Kanda hii ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuwapikia watoto na wajukuu. Watu wenye ualbino wamekatwa viungo, na mkoani kwetu Kagera mtoto mdogo aliuawa hivyo mwaka 2024. Hapo pia tafuteni mnyama hamtamwona. Mtamwona mganga aliyeahidi utajiri, dalali aliyetaja bei, na ndugu aliyeonyesha mlango.

Na pale senta, mtu anapopiga kelele "mwizi!", nimeona jinsi inavyokwenda. Wa kwanza anajua alichoibiwa. Wa pili anaamini. Wa kumi anakuja na jiwe hajui hata ni kuku au pikipiki iliyoibwa, na anayeleta petroli mara nyingi hakuwepo kabisa. Kesho yake gazeti linaandika "wananchi wenye hasira kali". Hasira gani kwa mtu ambaye hajaibiwa? Vijana, msiwe huyo wa kumi.

Nimeona pia upande wa pili, na ningekuwa mwizi wa ukweli nisipousema. Mwaka 1995, wakati kambi zetu zimejaa watu wenye hofu na uvumi, Wajesuiti wanaohudumia wakimbizi walianzisha hapa Ngara Redio Kwizera. Ilitangaza habari za kambini, ikaongea na wakimbizi na wenyeji kwa lugha wanazozijua. Chombo kilikuwa kile kile kilichotumika ng'ambo kuchochea. Betri zile zile, masikio yale yale. Tofauti iliamuliwa na watu waliokaa mbele ya maikrofoni.

Leo kila mmoja wenu anatembea na maikrofoni mfukoni. Sauti ikitumwa kwenye grupu la WhatsApp usiku, alfajiri imeshafika Nyakahura, Lusahunga na Rulenge. Atakayewaambia kwamba watu wa kabila fulani, dini fulani au chama fulani si watu bali ni wadudu, mkatalieni hapo hapo, mbele ya wote, hata akiwa mjomba wenu, hata akiwa diwani, hata wengine wakicheka. Msingoje aanze kutaja majina na nyumba, maana wakati huo hofu itawafunga mdomo hata ninyi mnaojiamini leo.