Nyuki, Mashahidi Wawili na Haki ya Mwandishi

Katika mtihani wa kuingia vyuo vya sheria vya Marekani, tangu Juni 2007, mtahiniwa huwekewa makala mbili fupi juu ya jambo moja, naye huulizwa maswali yanayozihusu zote mbili pamoja. Jambo lenyewe laweza kuwa lolote. Laweza kuwa jinsi nyuki wapashanavyo habari. Mtahiniwa hatakiwi kuwa bingwa wa nyuki. Hutakiwa aonyeshe waandishi wapatanapo na wahitilafianapo, na neno ambalo mmoja angelikubali na mwenzake akalikataa. Kazi hii hudhaniwa kuwa ya werevu tu. Walakini ndani yake mna swali la uadilifu: je, ni halali msomaji kumtwika mwandishi neno asilolisema?

Nyuki ni mfano mwema, kwa kuwa habari yao ilipata mashahidi wawili hasa. Karl von Frisch, mtaalamu wa Austria aliyezaliwa 1886, alieleza kwamba nyuki arudiye kutoka katika maua ya mbali hucheza juu ya sega, katika giza la mzinga, akienda mbele hali akitikisa mwili, kisha akizunguka na kuanza tena. Pembe iliyo kati ya mwendo wake na mstari wa wima ni sawa na pembe iliyo kati ya njia ya maua na upande lilipo jua. Na muda wa kutikisika hurefuka kwa kadiri umbali uongezekavyo. Mwaka 1967 Adrian Wenner na wenziwe walileta hoja nyingine. Hawakukana kwamba nyuki hucheza, wala kwamba mchezo ule una vipimo vya njia ndani yake. Walichokana ni kwamba nyuki wengine huvitumia vipimo hivyo. Kwao, harufu ndiyo iwaongozayo.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Aulizwapo kama waandishi wanahitilafiana juu ya ngoma ya nyuki, asomaye kwa pupa hujibu ndiyo, akaishia hapo. Lakini habari kuwamo katika kitu si sawa na habari hiyo kupokewa. Nyayo za mtu mchangani zaeleza alikokwenda, ijapokuwa hakuzikanyaga ili kumwambia yeyote, na yamkini asitokee wa kuzisoma. Hitilafu ya mabingwa hawa haikuwa katika nyayo, bali katika msomaji wa nyayo. Asemaye kwamba Wenner aliikana ngoma amemshuhudia uongo, hata ikiwa Wenner alikosea.

Von Frisch naye hudhulumiwa kwa upande wake, adhaniwapo kuwa alisema ngoma yatosha peke yake. Yeye mwenyewe alionyesha mapema kwamba nyuki hurudi na harufu ya ua mwilini, na wenziwe huitafuta harufu hiyo. Makala isipotaja harufu, haikuikana. Kimya si kanusho. Tena kuna msomaji ajuaye kwamba von Frisch alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973, akaitumia tuzo hiyo mahali pa hoja. Huyo hasomi tena. Anamsujudia mwenye jina.

Jinsi shauri lenyewe lilivyoendelea yafundisha zaidi kuliko mtihani. Maadamu ngoma na harufu zilielekeza mahali pamoja, hapana aliyeweza kujua ni ipi iliyofuatwa. Ilibidi zitenganishwe. Mwaka 1975 James Gould alieleza jaribio ambalo nyuki wachezao walipakwa rangi juu ya macho matatu madogo ya utosini, wasiuhisi mwanga sana, kisha taa ikawekwa mzingani. Wachezaji walicheza kwa kufuata wima. Watazamaji, ambao taa iliwapata barabara, waliisoma ngoma kana kwamba taa ile ndiyo jua. Wakaenda mahali ambapo mchezaji hakupata kufika. Harufu isingeliweza kuwapotosha hivyo. Mwaka 2005 watafiti walitumia rada kuwafuata nyuki waliokwisha kuitazama ngoma, wakakamatwa walipokuwa wakitoka na kufunguliwa pengine. Wakaruka kwa upande ulioelezwa na ngoma, kana kwamba wangali mlangoni pa mzinga wao. Ngoma, basi, humfikisha nyuki jirani na maua. Kuanzia hapo harufu na macho vina kazi yao bado.

Mtahiniwa ajuaye haya yote, akiwekewa makala inayotetea hoja ya harufu, hana budi kulijibu swali la mwandishi aaminicho kama mtu asiyeyajua. Kujizuia huko kwafaa hakimu mbele ya ushahidi uliomfikia. Mwanachuoni hakumfai kwa muda mrefu, kwani Gould angelijizuia hivyo asingelipaka rangi nyuki hata mmoja. Lakini mtu aliyekwisha kuisoma makala ya Wenner kwa haki, akitoka chumbani mwa mtihani, aweza kusema kwamba Wenner alikosea, na akaonyesha sentensi yenyewe.