Bei ya Kwenda Popote

Mtu wa Dar es Salaam akisema anakwenda Morogoro kupumzika, hakuna anayemuuliza kwa nini. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria Juni 2024, safari iliyokuwa ikila nusu ya siku, hasa ukinaswa na malori kati ya Kimara na Kibaha, imekuwa haifiki hata saa mbili. Wengine wakifika wanapanda Morningside, kwenye ile nyumba ya enzi za Wajerumani. Wengine wanakwenda Kinole au Mgeta kutazama maporomoko na kupigwa picha wakiwa wamelowa. Mimi ni mvivu wa milima. Napenda Mindu, bwawa la Mto Ngerengere kandokando ya barabara ya Iringa, ambako ukibahatika kumpata mvuvi mwenye subira anaweza kukuzungusha kwa mtumbwi.

Subira inahitajika kwa sababu mapatano yenyewe ni magumu. Unavuka? Hapana. Una mzigo? Hapana. Sasa unakwenda wapi? Popote, tukae tu majini. Kuvuka kuna bei na mzigo una bei, lakini kwenda popote hakukuwa na bei, ikabidi tuitunge palepale ukingoni, yeye akiona aibu kuzidisha na mimi nikiona aibu kupunguza.

Nilipokuwa nimeketi ndani ya mtumbwi, magoti yakigusana na ndoo ya nyavu, nilijaribu kuelewa ni kitu gani hasa nilichokuwa nimekinunua. Si ukimya, maana malori ya Iringa yanasikika hadi katikati ya bwawa, na ndege wa majini wana kelele zao. Si mwendo wa polepole pia; kama polepole ingekuwa dawa, foleni ya Ubungo ingeshatuponya sote. Wala si kule kubebwa tu. Mjini tunabebwa kutwa, kwa daladala, kwa mwendokasi, kwa bodaboda, na tunashuka tukiwa hoi.

Nadhani jambo lenyewe ni hili: ndani ya daladala mwili wako uko Magomeni, lakini wewe mwenyewe umeshafika Posta, na umeshachelewa. Kila dakika unadaiwa na mahali ambapo bado hujafika. Kwenye mtumbwi usiokwenda kokote hakuna anayekudai, kwa kuwa hakuna mahali panapokungoja.

Nikamwambia mwenyeji wangu, "Huku kumetulia kweli."

"Kumetulia sana, kaka," akajibu, huku akipiga kafi. "Ndiyo maana tangu asubuhi sijapata kitu."

Mtumbwi ulikuwa mmoja, maji yale yale, na kila mmoja alikuwa kwenye safari yake. Yeye alikuwa na nyavu zinazomngoja, na mnunuzi wa perege anayemngoja, na pengine mtoto anayesubiri ada. Mahali nilipokuja kuikimbia daladala palikuwa ndiyo daladala yake.

Mwaka 1765 mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau naye alikimbilia kisiwa kidogo cha Saint-Pierre, katika ziwa la Bienne huko Uswisi, baada ya nyumba aliyokuwa akiishi kupigwa mawe. Baadaye aliandika jinsi alivyokuwa akipiga makasia hadi katikati ya ziwa, kisha analala chali ndani ya boti na kuiacha ielee kwa saa nzima nzima. Katika hali hiyo, anasema, mtu hafurahii chochote kilicho nje yake. Anafurahia kuwako kwake tu, na hilo linamtosha. Ni maelezo mazuri, na ninaamini alisikia alichosema amekisikia. Ila chakula chake kilipikwa katika nyumba ya msimamizi wa kisiwa, na baada ya wiki chache wakubwa wa Bern walimfukuza hata hapo. Kuwako kwake kulikuwa na wapishi, na kulikuwa na mwenye ardhi. Hilo halifanyi furaha yake kuwa ya uongo, bali linaonyesha furaha ile ilisimama juu ya nini.

Yangu ilisimama juu ya maji, na maji yale yalikuwa njiani kwenda Dar es Salaam. Ngerengere ukitoka Mindu unapita kando ya mji wa Morogoro, unakwenda kuungana na Ruvu. Mto Mgeta nao unaanzia upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, unaizunguka, unaishia humo humo Ruvu. Ruvu unateremka hadi kwenye mtambo wa Ruvu Juu wa mwaka 1959, pale Mlandizi, kisha Ruvu Chini wa mwaka 1976, upande wa Bagamoyo, na kutoka hapo mabomba yanaingia jijini. Mwishoni mwa 2022, Ruvu ulipopungua kwa ukame, tulipangiwa mgao, madumu yakapanga foleni na maboza yakawa ya kugombaniwa. Nilidhani nimelipa jiji mgongo, kumbe nimeketi juu ya bomba lake.

Na si mimi wa kwanza kuitazama milima ile kwa macho ya mtu wa bondeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru. Hofu yao ilikuwa mmomonyoko: udongo unakwisha, mito inachafuka. Watu wakaamriwa wachimbe matuta ya ngazi miteremkoni. Sehemu za Mgeta, ambako wakulima walikuwa wameshazoea kulima mboga kwenye ngazi, kazi hiyo haikuwa ngeni. Upande wa Matombo mambo yalikuwa mengine. Udongo wenye rutuba pale ni tabaka jembamba. Ukichimba ngazi unalizika hilo na kuleta juu udongo usioota kitu. Kwa hiyo mama wa Kiluguru, ambaye shamba limemfikia kupitia ukoo wa mama yake, alikuwa anatoa jasho kuliharibu, ili mto wa watu asiowajua utiririke vizuri. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kukataa, mawe yakarushwa, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akafa. Mpango ule ukafa naye, na TANU ikapata wanachama wengi milimani.

Sisemi msitu uachwe ukatwe. Hifadhi ya mazingira asilia ya Uluguru, iliyotangazwa 2008, ina hekta zipatazo 24,000, na ukungu unaonaswa na miti ile ndio unaotufikia jikoni. Ningeitetea mbele ya yeyote. Lakini mpaka wa hifadhi ni mstari ambao mtu fulani huukuta kila asubuhi akiwa na jembe begani, na mimi niliyestarehe Mindu sijawahi kuukuta popote. Mapumziko yangu yamejengwa na watu wengi, na wengi wao hawakualikwa.

Sasa linajengwa Bwawa la Kidunda, Morogoro Vijijini, mradi uliozungumzwa kwa miongo mingi. Likijaa litahifadhi lita bilioni 190 za Ruvu ili Dar isirudi kwenye mgao. Ziwa la ukubwa huo halitakaa bila wageni. Watakuja wenye hoteli, watakuja wenye boti za kukodi, na nina hakika nami nitakuja na kofia yangu. Pembeni watakuwapo watu waliohama kulipisha, wanaojua mashamba yao yako upande gani chini ya maji. Siku hiyo nikitaka kujua kama kumetulia, nitaanza kwa kuwauliza hao.